Kipande cha Bluu cha Babu

Sogeeni karibu. Hadithi hii ni ya siku zile umeme ulipokuwa haujapanda mlimani kwa kina Nakunda.

Nakunda aliishi na bibi yake. Bibi alimwita "mke mwenzangu". Ndivyo mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Jioni waliwasha mshumaa. Kikibaki kipande, Bibi hakukitupa. Alikitia kwenye kopo. Ti!

Jumamosi moja kopo likajaa.

"Mke mwenzangu," Bibi akaita.

"Abee, Bibi."

"Njoo tutengeneze mshumaa mpya."

Kazi ya Nakunda ilikuwa kusafisha. Akatoa njiti za kiberiti zilizonasa. Akakwangua masizi kwa kijiko. Kwaru, kwaru, kwaru.

Chini kabisa ya kopo akakuta kipande cha bluu.

Nakunda alikijua. Mshumaa ule aliununua Babu, kabla hajafariki. Babu alikuwa akimwita "mchumba wangu". Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Nakunda akakificha kiganjani. Akakaza ngumi.

Bibi akaweka kopo ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko. Maji yakachemka. Tok, tok, tok. Wakaimba pamoja:

*Yeyuka, nta, yeyuka.*
*Taka chini, mwanga juu.*

Bibi akachuja nta kwa kipande cha kanga kuukuu. Chururu. Taka zikabaki kwenye kitambaa. Nta ikatoka safi, akairudisha koponi, ndani ya maji ya moto.

Kisha akakata bomba la jani la mpapai. Akalisimamisha kwenye mchanga. Akapitisha uzi wa pamba katikati, uwe utambi.

Bibi akachungulia kopo. "Mbona nta ni kidogo? Haitajaza bomba letu."

Nakunda akazidi kukaza ngumi.

Lakini alikuwa amekaa karibu na jiko, na ngumi yake ilikuwa ya moto. Kitu kilianza kunata. Akafungua mkono.

Kipande cha bluu kilikuwa kimelainika. Kilikuwa kimebonyea pande zote.

"Bibi," akasema, na machozi yakamtoka, "Babu anaharibika."

Bibi akaketi chini, kando yake. Akautazama ule mkono mdogo.

"Huyo si Babu, mke mwenzangu. Huo ni mshumaa wake. Mimi pia namkumbuka. Namkumbuka kila siku."

"Tukikiyeyusha kitapotea."

"Babu aliununua ili uwake," Bibi akasema. "Lakini kipande ni chako. Amua wewe."

Nakunda akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akampa Bibi kile kipande, naye akakitia kwenye kopo. Tumbwi!

Nakunda akaimba peke yake, kwa sauti ndogo:

*Yeyuka, nta, yeyuka.*
*Taka chini, mwanga juu.*

Bluu ikatandaa polepole. Ikaenda huku, ikaenda kule. Mara nta yote ikawa bluu.

"Bibi, hakijapotea," Nakunda akasema. "Kimeenea."

Bibi akamimina. Bomba likajaa mpaka juu. Wakangoja mpaka nta ikapoa, ikaganda. Wakachana bomba. Chwaa! Mshumaa mrefu wa bluu ukatoka.

Jioni wakauwasha karibu na kitanda. Chumba kikapata mwanga.

"Bibi, kwa nini Babu alipenda kununua mishumaa?"

Bibi akaanza kucheka. "Zamani hatukuwa na mshumaa. Alfajiri moja Babu yako aliamka gizani. Akavaa gauni langu, akidhani ni kanzu yake. Akaenda kukamua ng'ombe."

"Ng'ombe akafanyaje?"

"Akakimbia. Babu naye akamfukuza, gauni linapepea, majirani wanatazama. Siku hiyo hiyo akaenda dukani kununua mishumaa."

Nakunda akacheka mpaka akashika tumbo. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Mshumaa ukapungua kidogo. Nakunda akainuka mwenyewe, akaupuliza. Fuu.

Akajifunika shuka, akafumba macho. Gizani, Bibi alikuwa bado anacheka.