Taa ya Kijani Wakati wa Maombi

Nina miaka thelathini na tisa, ninaishi Kimbo, Ruiru, na mume wangu ni mfanyakazi wa kiwandani. Wasomaji wenzangu, nyumba yangu haikuvunjwa na pombe wala mpango wa kando. Ilivunjwa na simu ya mezani!

Nilikuwa nikipokea simu za wateja katika kampuni moja ya Thika inayouza matangi ya maji. Ofisi ilipopunguzwa, tuliambiwa twende na simu zetu nyumbani, tuziunganishe na intaneti, tufanyie kazi huko. Yangu niliiweka sebuleni, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Wageni waliisifu.

Msimamizi wetu, Wambui, alibaki ofisini zamu ya jioni. Alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tena tukisali kanisa moja.

Kwetu, watu wa magharibi ya Kenya, maombi ya jioni husemwa kwa sauti na kila shida hutajwa. Jioni moja, nikiwa nimepiga magoti nikiombea mguu wa mama, niliona taa ndogo ya simu imegeuka kijani. Haikuwa imelia... Nikadhani ni mambo ya stima.

Wiki hiyo Wambui akaniambia, "Mama Neema, God amenionyesha mamako, huo mguu wake. Usijali, tutaomba."

Sikuwa nimemwambia mtu! Halafu akajua mume wangu anaogopa kufutwa kazi. Nikaamini dada huyu amepewa macho ya rohoni. Wewe ungewaza nini?

Sikumficha kitu tena, ila kimoja. Neema wetu, msichana wa miaka kumi na minne, alizaliwa na marehemu dada yangu, na hakujua. Jioni moja akiwa ameenda dukani, nikamlilia Mungu atupe nguvu za kumwambia. Taa ilikuwa ya kijani...

Jumapili, baada ya ibada, Wambui alimshika Neema mkono mbele ya akina mama. "Mtoto, Mungu anasema huyu si mama yako. Aliyekuzaa alishaenda."

Akina mama wakaitikia amina. Neema akanitazama, akingoja nikatae. Ningekataaje?

Niliporudisha ile simu, fundi wa ofisi aliibonyeza akashangaa. "Madam, hii hukuibadilisha? Msimamizi akikupigia inajipokea yenyewe bila kulia, anasikia kila kitu. Hivyo ndivyo huwa tunaziset za ofisi."

Nilikuwa nimemwita nabii mtu aliyekuwa akinisikiliza tu.

Wambui bado anatabiri, na watu wanamwamini. Neema amehamia Makongeni, kwa nyanya yake, mama wa baba aliyemzaa.

Nawasihi, kifaa cha ofisi kisikae mnapoomba wala mnapolia. Na kama kuna ukweli mtoto anakudai, mwambie leo, kwa kinywa chako mwenyewe. Mimi nilingoja, mwingine akaniwahi.

Jana Neema alinipigia kwa mara ya kwanza. Niliishika simu kwa mikono miwili. Akanisalimia kwa adabu, jinsi nilivyomlea.

"Habari ya huko, auntie."