Nipitishie kwa Chini

"Agizeni chochote, shangazi! Leo mko na mwanaume," fundi simu alitamba hotelini.

Mchumba wake, mshonaji wa magauni ya harusi, alitabasamu. Ndiyo kwanza anakutanishwa na shangazi huyo na mumewe, waliomlea fundi tangu utoto. Wakaagiza nyama, samaki, juisi, wakala wakashiba.

Bili ilipokuja, fundi akamkanyaga mchumba wake mguu.

"Nipitishie pesa kwa chini, wasione," alinong'ona.

"Pesa gani?"

"Si uliniandikia mwenyewe?"

Ni kweli aliandika: "Waalike tu mpenzi, nitafurahi kuwakaribisha." Alimaanisha atawapokea kwa heshima, basi.

"Kukaribisha ndiyo kulipa? Na kama ulielewa hivyo, ulikuwa unajipiga kifua cha nani?"

"Punguza sauti, unaniaibisha!"

Damu ikamchemka mchumba. Pesa alikuwa nayo. Kilichomkereketa ni kufanywa mfuko wa kufichwa chini ya meza.

"Ungeniomba ningelipa bila kinyongo. Lakini sifa zako, pesa zangu, tena kwa kificho? Thubutu!"

Akafungua mkoba. Akaweka pesa ya chakula chake, akatoka.

Hajafika barabarani, ujumbe wa fundi ukaingia: "Rudi umwombe mzee radhi. Umenivunjia heshima."

Akajibu: "Umeivunja mwenyewe."

Shangazi akamfikia akihema.

"Mwanangu, usiondoke. Tumesikia yote. Huyu tumemlea sisi, aibu ni yetu."

Fundi naye akatokea nyuma yao, kanywea.

"Mpenzi, nimekosa. Nisamehe."

"Uongo umeusema mezani mbele ya watu, msamaha unaniletea gizani? Nenda kauseme kulekule."

"Mbele ya mzee?"

"Tena kwa sauti ileile ya 'agizeni chochote'!"

Fundi akamtazama shangazi. Shangazi akamwonyesha mlango kwa kidole. Wakaingia wote.

"Mzee," fundi alimwambia mume wa shangazi, jasho likimtoka, "nilidhani analipa yeye, nikataka nionekane mimi. Nimejisifia pesa ya mwenzangu. Mimi sina."

Mzee akatoa pochi. "Nalipa leo. Siku nyingine ukituita, sema nani analipa kabla hatujaagiza."

Fundi akamgeukia mchumba wake. "Bado unanitaka?"

"Nakutaka. Lakini hasira bado ninazo, usinisogelee."

Akavuta kiti, akakaa karibu na shangazi.