Pijo la Mzee Latifu

Mzee Abdullatif alilala chali kati ya gari lake na meza ya kazi, mkononi kitambaa chenye grisi. Boneti ya Pijo 404 ilikuwa wazi. Gereji hiyo iliwahi kuwa ghala la nazi kavu la baba yake. Sasa ilibeba gari moja na mtu mmoja.

Inspekta Somoe Ridhiwani alichuchumaa. Damu ilikuwa imeganda kisogoni.

"Nani alimkuta?"

"Rafiki yake, Mzee Kibwana wa Kaole," alijibu Sajini Mgeni. "Alikuja asubuhi akakuta milango imefungwa, injini inaunguruma, moshi tele. Akaizima, akatuita. Inaonekana marehemu alikuwa anaweka taimingi, kupatanisha moto wa plagi na mzunguko wa injini, moshi ukamlewesha, akaanguka."

"Inaonekana kwa nani?"

"Kwa kila mtu, afande. Watu wa msikiti wanataka kuzika baada ya adhuhuri."

Somoe hakuwalaumu. Maiti haicheleweshwi. Lakini hii ikishafukiwa, na jibu lake litafukiwa.

"Waambie wasubiri daktari."

Mzee Kibwana alikuwa nje, amekalia kreti la soda, kofia yake mapajani.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa."

"Mlijuana zamani?"

"Tangu hatujaota ndevu. Mke wangu alipofariki, Latifu akawa ananipikia kahawa. Wake alipofariki, nikampikia mimi. Yake ilikuwa mbaya, nikaona afadhali."

Alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Na gari?"

"Kila Ijumaa baada ya swala. Tunaliweka taimingi, linawaka. Wiki ijayo limeharibika tena. Ananiita, nakuja."

"Leo asubuhi lilikuwa linaunguruma vipi?"

"Vizuri. Kama cherehani."

"Uligusa nini?"

"Ufunguo tu. Nikalizima."

Simu ya marehemu ililia. Alikuwa bintiye, Kholood, kutoka Muscat. Somoe alimpa habari, akasubiri hadi kilio kikapata maneno.

"Alikuwa anahamia kwangu," Kholood alisema. "Mteja wa gari anatoka Dar leo kulijaribu. Likiwaka, analichukua."

"Mzee Kibwana alijua?"

"Baba alisema atamwambia Ijumaa. Jana hiyo. Alikuwa anaogopa kumwambia."

"Kwa nini aogope?"

"Sijui. Nilidhani ni uzee."

Simu ilikatika. Somoe alibaki ameishika. Nyumbani kwake, Magomeni, hakuna aliyempigia tangu sikukuu.

Daktari Zaina alimaliza kumpindua marehemu.

"Alikufa jana jioni. Moshi wa injini huacha madoa mekundu ya kung'aa mgongoni. Haya yamepiga zambarau. Na kisogo hakikuvunjwa na sakafu. Kidonda kina kona."

Somoe aliitazama meza ya kazi. Kila kifaa kilikuwa na vumbi na grisi, isipokuwa jiriwa, kile chuma kizito cha kubania vitu, kilichofungwa ukingoni. Jiriwa lilikuwa limepanguswa likang'aa.

Kituo cha Kiwangwa kiliwahi kumpa Land Rover kuukuu isiyowaka bila kuombwa. Ilimfundisha mengi kuliko chuo. Aliingia kwenye Pijo, akageuza ufunguo.

Injini ilizunguka, ikakohoa. Kabureta ikatema moto. Kimya.

Akajaribu tena. Kimya kilekile.

"Si kama cherehani," Mgeni alisema.

Somoe aliinama kwenye injini. Distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwa kila plagi, ilikuwa imezungushwa kupita kiasi. Kwenye rafu palikuwa na kioo kidogo cha kunyolea. Alikishangaa kidogo: gereji haina bomba la maji. Akakipenyeza nyuma ya distribyuta, upande asiouona anayeinama kutoka mbele.

Palikuwa na mistari miwili myeupe, mmoja kwenye distribyuta, mwingine kwenye injini. Rangi ilikuwa nene, iliyopakwa tena na tena juu ya rangi. Mistari hiyo ilitakiwa kukutana. Ilikuwa imeachana kwa upana wa kidole.

Alilegeza bolti, akaikutanisha, akageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja, laini.

Mzee Kibwana akatokea mlangoni.

Somoe alizima. "Gari hili lisingeweza kuwaka leo asubuhi, mzee."

Kibwana aliisogelea injini.

"Nililiharibu mwenyewe," alisema. "Halafu kwa hofu nikasema lilikuwa linawaka. Uzee huo."

"Ilikuwaje?"

"Jana alinipa kahawa, akaniambia anaondoka. Akanishika bega kama mtu anayemsindikiza mgeni. Magharibi nikarudi, nikijua yuko msikitini. Nikazungusha distribyuta. Mteja akikuta haliwaki, ataondoka zake. Kumbe Latifu kasalia nyumbani. Akaingia, akaniona. Akacheka. Akasema, 'Kibwana, hata leo?'"

"Ndipo?"

"Nikaona ananidhihaki. Nikamsukuma. Jiriwa likampokea." Aliikunja kofia. "Nililipangusa kwa kitambaa, nikamwekea mkononi. Nikaja asubuhi na habari za moshi."

"Na Ijumaa zilizopita? Nani alikuwa analiharibu?"

"Mimi. Kidogo tu, Latifu akienda kuosha vikombe. Ili aniite tena. Kaole sina wa kumwamkia, mwanangu. Naamka, nafagia uwanja usio na mtu wa kuuchafua."

Somoe alimpa kile kioo. "Tazama nyuma."

Mzee aliinama. Akakipenyeza kioo palepale.

"Rangi ya nani hii?"

"Si yako?"

"Sijawahi kuiona."

"Basi ni yake. Alijua distribyuta inapotakiwa kukaa. Angeirudisha mwenyewe kabla kahawa haijapoa. Kila wiki alikuta umeiharibu, na kila wiki alikuita wewe."

Kibwana alikiweka kioo kando. Aliufikisha mkono nyuma ya injini, akaupapasa mstari kwa kidole kimoja.

"Angeniambia tu," alisema. "Angeniambia, njoo tunywe kahawa."

"Na wewe ungemwambia, naomba nije."

Mzee Kibwana alivaa kofia yake, akainyoosha vizuri. Kisha akamnyooshea Somoe mikono.

"Pingu baadaye," Somoe alimwambia Mgeni. "Amsalie rafiki yake kwanza. Simama naye safu moja."