Baba Yuko Robo ya Pili

Baba yangu ni seremala. Zamani kila asubuhi randa yake ndiyo iliyotuamsha. Tangu avunjike nyonga, alikuwa akiamka na kukaa tu kitandani. Mikono ile haijazoea kukaa bure, jamani!

Mimi nafanya kazi kwenye kompyuta za kliniki anakotibiwa. Wagonjwa hutembea ukumbini, muda wao huandikwa, na skrini ukutani huonyesha wastani. Siku moja Baba alitumia sekunde thelathini. Wastani ulikuwa ishirini na saba. Skrini ikaandika: "Uko nyuma."

"Basi. Siendi tena," alisema tulipofika nyumbani.

"Baba Watoto, mguu utakakamaa," Mama alimbembeleza.

"Ukakamae! Nimechoka kuwa wa nyuma."

Akageukia ukuta. Moyo uliniuma. Bila mazoezi, asingetembea tena.

Kesho yake kazini nilimweleza dada wa meza ya pili, tunayemwita Miwani.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Usitazame wastani peke yake. Gawa wagonjwa mafungu manne yaliyo sawa. Kila fungu ni robo. Amri yake kwenye kompyuta ni NTILE(4)."

Nikaandika haraka haraka. Baba akaangukia fungu la nne, la mwisho kabisa! Machozi yakanilenga.

Miwani akainama kwenye skrini. "Umewapanga kwa kitu gani?"

"Kwa tarehe ya kuandikishwa."

"Ala! Hapo umegawa foleni ya mapokezi. Panga kwa muda kwanza, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Kisha ndipo ugawe."

Nikarekebisha. Safari hii ikaja hivi, kwa sekunde:

Robo ya kwanza: 9, 10
Robo ya pili: 11, 30
Robo ya tatu: 34, 36
Robo ya nne: 40, 46

"Hawa watatu wa mbele ni akina nani?" Miwani aliuliza.

"Vijana wa mpira."

"Ndio wanaoushusha wastani. Mzee wako yuko robo ya pili. Wanne wako nyuma yake!"

Nilirudi nyumbani mbio mbio nikamweleza Baba yote.

"Kumbe nilikuwa nashindanishwa na wacheza mpira?"

"Ndiyo, Baba."

"Wangekuja tushindane kupiga randa!" Akacheka hadi Mama akachungulia kutoka jikoni. Kisha akaninyooshea mkono. "Nipe fimbo yangu, mwanangu."

Tukamweleza daktari, naye akakubali tubadilishe skrini. Sasa skrini inaonyesha robo ya kila mgonjwa, na yale maneno "Uko nyuma" yamefutwa. Baba hakosi mazoezi.

Juzi mlango wa ofisi yetu ulisukumwa, ukakwama, ukasukumwa tena. Nikainua macho. Alikuwa Baba. Alikuwa ametembea peke yake ukumbi mzima, bila fimbo.

Hakunitazama. Alikuwa anapapasa ukingo wa mlango.

"Huu unakwama," alisema. "Kesho nakuja na randa."