Diwani na Mkanda wa Umeme

Febronia alikuwa na kuku arobaini na mbwa mmoja. Kuku walimlisha. Mbwa alimchekesha. Shida ilianza siku mbwa alipoanza kuwatamani kuku.

Nyumba yake iko Mkiwa, hatua chache kutoka barabara kuu. Kila asubuhi aliwamwagia kuku mtama, akachagua watano au sita walionona, akawatia kwenye tenga na kwenda nao kituoni. Basi likikaribia, dereva hupiga honi. Wauza kuku wote huinuka kwa pamoja. Febronia hufungua tenga, akamtoa jogoo na kumwinua juu ili abiria wamwone kutoka dirishani. Jogoo hupiga mabawa, manyoya yakaruka, na biashara ikaanza.

Mbwa aliitwa Diwani. Festo, mume wa Febronia, ndiye aliyempa jina hilo. Alisema kwamba tangu akiwa mdogo mbwa huyo alipita kila nyumba ya kitongoji kusalimia, kisha akarudi nyumbani kulala. Mama yake Diwani aligongwa na lori, na Febronia akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Alipokua, alijua kulinda. Vicheche waliokuwa wakiiba vifaranga hawakuonekana tena bandani.

Lakini alipotimiza mwaka mmoja, Diwani alianza mchezo mbaya. Kuku akipiga mabawa tu, yeye anaruka. Mwanzoni aling'oa manyoya. Halafu akamkamata tetea wa Bibi Magdalena, jirani yao, tetea aliyekuwa akilalia mayai kumi na mawili.

Bibi Magdalena alikuja na mzoga mkononi. Febronia alimwamkia shikamoo. Bibi aliitikia marahaba, kwa sababu salamu ni salamu, kisha akauweka mzoga juu ya kinu, mbele ya macho ya Febronia. Mzoga ule ulimuuma Febronia kuliko matusi. Alimpa tetea mwingine, mzuri kuliko wote aliokuwa nao. Hata hivyo, habari zilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti alizungumza kwa upole. Wakati huo alizeti ilikuwa imeanza kuinamisha vichwa mashambani. Alisema anawapa muda mpaka mavuno yaishe. Siku hiyo atakuja mwenyewe kumtazama mbwa. Kama bado anarukia kuku, itabidi aondolewe. Kila mtu alijua maana ya kuondolewa. Febronia alijua pia, na jioni hiyo ugali ulimshinda.

Jumamosi iliyofuata alikuja shemeji yake, Peniel, mdogo wake Festo. Peniel alikuwa mlinzi Dodoma, kwenye kampuni inayotumia mbwa. Alimsikiliza Febronia, akacheka, akatoa kwenye begi lake mkanda mweusi wenye kisanduku kidogo chenye vichuma viwili.

"Shemeji, futa machozi," alisema. "Huu ni mkanda wa umeme. Unamvalisha shingoni. Akimrukia kuku, wewe unabonyeza hii rimoti. Anapata mshtuko kidogo, anaacha. Kazini kwetu mbwa wote wana adabu kama wanakwaya."

Febronia aliuliza kama unaumiza. Peniel alisema ni kama kuumwa na siafu mmoja. Akamwonyesha namna ya kubonyeza, akamwachia mkanda na rimoti, akapanda basi kurudi kazini.

Jumatatu Febronia alimpeleka Diwani kituoni akiwa na mkanda shingoni. Basi la kwanza likapiga honi. Febronia akafungua tenga. Jogoo akapiga mabawa, Diwani akaruka, na Febronia akabonyeza. Diwani akatikisa kichwa kama aliyeingiwa na nzi sikioni. Basi la pili, hivyo hivyo. Febronia akaona siafu mmoja hatoshi, akaongeza nguvu kwenye rimoti. Basi la tatu lilipokuja, Diwani alilia kwa sauti ambayo Febronia hakuwahi kuisikia. Alitaka kuitupa rimoti. Lakini alijiambia kwamba kulia ni afadhali kuliko kufa.

Kufikia Alhamisi Diwani hakuruka tena kituoni. Alikaa mbali, mkia katikati ya miguu. Wauza kuku wenzake walimpongeza Febronia. Mmoja wao alitania kwamba angeazima mkanda huo amvalishe mkwe wake. Festo akasema shida imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wiki iliyofuata Diwani alikataa kabisa kwenda kituoni. Kisha hata akiwa nyumbani, honi ikilia barabarani, alikimbia na kujificha chini ya kitanda. Na Mkiwa honi hulia kutwa. Asubuhi moja, Diwani akiwa huko chini anatetemeka, kicheche aliingia bandani mchana kweupe na kuua vifaranga tisa. Alasiri ya siku hiyohiyo, basi likiwa halipo wala honi haisikiki, tetea alikatiza uani na Diwani akamfukuza mpaka kwenye migomba. Tetea aliponea juu ya paa.

Febronia alikaa kwenye kizingiti cha mlango. Alizeti ilikuwa karibu nusu imevunwa. Sasa alikuwa na mbwa asiyelinda, na bado anafukuza kuku.

Siku mbili baadaye, Aneth, afisa mifugo wa kata, alipita kuwachanja mbwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na pikipiki yake ilikuwa na vumbi kuliko barabara yenyewe. Peniel naye alikuwepo, amechukua likizo kuja kusaidia kuvuna. Aneth alipomshika Diwani shingoni alikuta mkanda, na chini ya mkanda kidonda. Alama mbili nyekundu, manyoya yamekatika.

Aliuliza mkanda huvaliwa kwa muda gani. Febronia, kwa aibu, alisema haujavuliwa tangu Jumatatu ile. Hakujua kwamba unapaswa kuvuliwa. Aneth hakumgombeza. Aliuvua, akasafisha kidonda, akaomba aelezwe kila kitu tangu mwanzo.

Peniel alieleza kwanza, na alieleza kwa fahari. Alisema mkanda haukosei. Aneth alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Febronia.

"Mama, ulipobonyeza, ni nini kilikuwa kinatokea? Nitajie vyote."

Febronia alifikiri. Basi lilikuwa linakuja. Honi ilikuwa inalia. Watu walikuwa wanakimbia. Jogoo alikuwa anapiga mabawa.

"Wewe ulijua unamwadhibu kwa sababu ya jogoo," Aneth alisema. "Lakini yeye nani alimwambia? Aliposhtuliwa, kilichokuwa kikubwa masikioni mwake ni honi. Kwa hiyo amejifunza vizuri sana. Amejifunza kwamba honi inauma."

Kana kwamba limeitwa, lori lilipiga honi kule barabarani. Diwani akatoweka chini ya kitanda. Uani, kuku wanne waliendelea kudonoa bila wasiwasi.

Peniel hakukubali bado. Alisema kosa ni la shemeji, aliyebonyeza vibaya. Mwenye ujuzi hakosei. Kwao kazini mbwa wanatii.

Aneth alisema huenda ni kweli kwamba mkanda unaweza kumzuia mbwa haraka. Hata wafundishaji wa mbwa wanabishana juu ya jambo hilo, na zipo nchi zilizoupiga marufuku. Wanaoutetea husema unafaa ukiwa mikononi mwa mtu anayejua sana. Lakini kuchelewa kidogo tu kunatosha kumchanganya mbwa. Tena maumivu hayamwonyeshi mbwa jambo la kufanya. Yanamwambia tu kwamba dunia ni mbaya. Mbwa mwingine huogopa kila kitu, na mwingine humng'ata yeyote aliye karibu naye anapoumia.

"Na hao mbwa wenu wa kazini," alimuuliza Peniel taratibu, "wote wana furaha?"

Peniel aliichukua rimoti, akaichezea mkononi.

"Yupo mmoja," alisema. "Akiona tu geti la kazini, anajikojolea. Sisi huwa tunamcheka."

Hakuna aliyecheka pale uani. Peniel akaitia rimoti mfukoni.

Febronia aliuliza swali lililokuwa limemkaa moyoni. Je, Diwani anaweza kupona kabla alizeti haijaisha? Aneth alisema hawezi kuahidi. Lakini mbwa anayependa kula na kumpenda mwenye nyumba anafundishika. Akawaomba dagaa kidogo na kamba ndefu.

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Walimfunga kuku mmoja ndani ya tenga, wakaliweka mbali, mwisho wa ua. Festo alishika kamba ya Diwani upande wa pili. Diwani alikodoa macho kwenye tenga. Febronia alisubiri. Alipoita jina lake, na Diwani akageuza kichwa kumtazama, papo hapo alipewa dagaa na sifa. Hivyo tu. Hakuna kelele, hakuna kiboko. Akirudi kutazama tenga, wanasubiri. Akigeuka tena, dagaa.

Aneth aliwaelekeza kufanya hivyo kwa dakika chache tu, asubuhi na jioni, mbwa akiwa ametembezwa kwanza ili apunguze nguvu. Tenga lisogezwe karibu hatua moja moja, na mbwa akishindwa, lirudishwe nyuma. Kama hakuna mtu wa kumwangalia, Diwani afungwe kwa kamba kivulini, maji yakiwa karibu, ili asipate nafasi ya kukosea.

Kwa upande wa honi, walianzia mbali shambani, mahali ambapo honi ilisikika kama nyuki. Ikilia, dagaa. Ikilia tena, dagaa. Kila baada ya siku chache walisogea kidogo kuelekea barabarani. Kazi hiyo ilikuwa ya Peniel katika siku zake za likizo. Watu walimwona mlinzi mzima wa Dodoma ameketi kwenye tuta na mfuko wa dagaa, anasubiri mabasi ambayo hapandi. Walimuuliza kama amefukuzwa kazi. Alijibu kwamba amepandishwa cheo.

Haikwenda sawasawa kila siku. Wiki ya pili kamba ilimponyoka Festo, na Diwani akalipindua tenga. Febronia alitaka kulia. Kesho yake wakalirudisha tenga mwisho wa ua, wakaanza upya. Wiki ya tatu kuku alitembea akiwa nje ya tenga. Wiki ya tano Diwani alilala katikati ya ua na vifaranga wakampanda mgongoni. Masikio yalimcheza, lakini hakuinuka.

Shamba la mwisho la alizeti lilipovunwa, mwenyekiti alikuja kama alivyosema. Bibi Magdalena alikuja naye, amekumbatia tetea yule aliyepewa. Alisema anataka kuona kwa macho yake, na kuku wa kuangalia atakuwa wake.

Walikwenda wote kituoni. Diwani alikuwa kwenye kamba, na Febronia alishika mwisho wake kwa mikono miwili. Basi la Dodoma likatokea. Dereva akapiga honi ndefu. Bibi Magdalena, bila kuambiwa, akamwachia tetea. Tetea akaruka kwa kelele, akapita puani mwa Diwani.

Diwani alisimama. Mwili wote ulikakamaa. Alimtazama tetea, kisha akageuza kichwa, akamtazama Febronia usoni, akakaa chini kusubiri dagaa wake.

Febronia alimpa mfuko mzima.

Mwenyekiti alisema hana la kuongeza, ila kamba iendelee kwa muda, na mbwa asiachwe peke yake na kuku wa watu. Febronia alikubali yote. Bibi Magdalena alimkamata tetea wake, akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alimwambia Febronia, "yule babu yenu pale nyumbani, nikimwita shambani anajifanya hasikii. Nikimwanzishia dagaa, unadhani itachukua wiki ngapi?"

Siku hizi Diwani yupo kituoni kila asubuhi. Analala kando ya tenga, na honi ikilia anainua kichwa na kutikisa mkia. Vicheche wamehama tena. Peniel alirudi Dodoma na mfuko wa dagaa kwa ajili ya yule mbwa wa getini, na amepiga simu kusema kwamba juzi mbwa huyo aliingia getini akiwa mkavu.

Mkanda ule mweusi haukutupwa. Festo alikibandua kile kisanduku, na Febronia anautumia kufungia mfuniko wa tenga. Ni imara sana. Tangu aanze kuutumia, hakuna kuku hata mmoja aliyechoropoka.