Siku Walipokwangua Buluu ya Ozella

Jua lilikuwa linazama Ozella Mungin alipofunga kitambaa kichwani na kutoka mbio kwenda kwa jirani kuomba rangi. Ya buluu. Na aipate kabla giza halijaingia.

Mafundi wa kamati ya nyumba za kale walikuwa wameshinda kwake wakikwangua. Dari ya baraza, fremu ya mlango, za madirisha, vyote. Mtaa mzima wa Makombe, hapa kaunti ya Tolliver, sasa ni wa kihistoria, na nyumba ya Ozella ati ilijengwa ikiwa nyeupe, basi irudi nyeupe. Ozella alimuuliza yule mama wa kamati mwenye shanga za lulu: na minyororo ya watumwa walioijenga, nayo irudi? Mama akatazama viatu vyake. Mafundi wakaendelea kukwangua.

"Retha! Ile rangi iliyobaki Pasaka iko wapi?"

"Hata habari ya jioni hakuna? Umelelewa wapi wewe?"

"Nimelelewa na mwanamke mwenye akili. Lete rangi."

"Kamati watakutoza faini, shoga."

"Watoze. Kwani wao wanalala kwangu?"

Retha alicheka, akaingia stoo, akatoka na kopo. Kicheko kikamkatika njiani.

"Mtoto umemwacha na nani?"

"Amelala. Nimefunga mlango."

"Umefunga mlango," Retha akasema polepole. "Na buluu imetoka?"

 Ozella alikuwa keshageuka, Retha nyuma yake na kopo.

Kwetu, mama akifa akaacha mtoto mchanga, mtoto hupitishwa juu ya jeneza. Mmoja anamtoa upande huu, mwingine anampokea upande ule, jina lake linatajwa, basi. Marehemu anaenda zake bila kugeuka. Lakini Corinne, binti pekee wa Ozella, alipokufa kwa uzazi, kitoto kilikuwa bado hospitalini ndani ya kisanduku cha joto. Wangeweza kungoja. Ila ndugu wa Philadelphia walikuwa na basi la kuwahi, nyama ilikuwa imeshaiva, na Ozella akasema zikeni.

Wakazika.

Jioni ileile akapaka nyumba buluu, maana mizuka huiona buluu kama maji, na maji hawavuki. Mtoto, Junie, akakua. Sasa anatembea.

Walipofika kona, walisikia sauti. Mtu anabembeleza mtoto. Wimbo hauna maneno... mmm... mmm...

Halafu harufu. Udongo uliolowa, na maziwa yaliyochacha.

Mlango ulikuwa wazi.

Corinne alikuwa ameketi sakafuni barazani, ameegemea nguzo, na lile gauni jeupe walilomzika nalo. Limelowa mpaka magotini. Junie yuko mapajani pake, kichwa kinaning'inia, midomo inabadilika rangi.

"Mungu wangu," Retha akanong'ona.

"Nyamaza."

Corinne aliinua uso. Ulikuwa uso wake hasa, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

"Mama. Mbona ulinifungia?"

"Corinne..."

"Nilizunguka nyumba, Mama. Kila mlango maji. Kila dirisha maji. Nami unajua sijui kuogelea."

Ozella alipanda ngazi ya baraza. 

"Unamtakia nini mtoto?"

"Naenda naye. Sijawahi kumshika hata mara moja."

Kifua cha Junie kilipanda... kikashuka... kikakaa.

"Lala chini," Ozella akasema.

"Mama, usini..."

"Nimesema lala. Nyoosha miguu. Kama mtoto mwenye adabu."

Na Corinne, aliyekuwa mbishi tangu tumboni, akalala. Akakunja mikono kifuani mwenyewe. Ozella akamnyanyua Junie, baridi kama samaki.

"Retha. Simama ng'ambo."

"Siwezi."

"Utaweza au nitakutoa roho mimi."

Retha akaweka kopo chini, akasogea ng'ambo. Ozella akanyoosha mikono juu ya binti yake.

"Huyu ni Junie Mungin. Si wako tena. Nenda, usigeuke."

Retha akapokea.



Kisha mtoto akalia. Kilio kikali, cha mtu aliye hai na ana njaa.

Sakafuni, sauti ikasema taratibu, "Na mimi, Mama? Mimi hunibebi?"

Ozella akaanguka magoti, akamkumbatia kwa mikono miwili.

Akakumbatia mbao. Mbao, na maji baridi.

Retha alikuwa wa kwanza kusema. "Tupake. Sasa hivi, kabla hapajawa giza kabisa."

"Acha."

"Umerukwa na akili?"

"Nikipaka, atakuta maji tena."

"Harudi, Ozella. Umeshamuaga mwenyewe."

"Najua."

"Sasa?"

"Chukua mtoto. Alale kwako."

Mpaka leo Junie analala kwa Retha. Asubuhi bibi yake huenda kumlisha wali na bamia na kumgombeza. Jioni hurudi peke yake, akakaa kwenye benchi chini ya ile dari nyeupe ambayo kamati wanaisifu sana, mlango nyuma yake wazi. Wapita njia wanamsalimu. Haitikii.

Corinne hakuja.

Juzi, jua likizama, harufu ilikuja. Udongo uliolowa. Maziwa hayakuwamo. Ubao wa ngazi ukalia, na uliokanyaga ulikuwa mguu mzito, mzito kuliko wa binti yeyote, mnyororo ukiburuzika nyuma yake.

"Corinne?"

Kilichojibu ni pumzi tu. Ndefu. Ya kinywa kilichofungwa miaka mingi.

Ozella hakugeuka kutazama. Alikusanya gauni lake, akasogea pembeni ya benchi, akakipisha kikae.