Waitikiaji wa Manju Masolwa

Jua lilikuwa linazama mtaani kwetu Ng'ambo, nami nimeshaanza kuingiza spika ndani, shemeji yangu Raymundi aliposimamisha baiskeli mbele ya kibanda changu. Nyuma alikuwa amefunga mfuko wa salfeti uliojaa kanda.

Mimi ni fundi redio. Zamani watu waliniletea redio, siku hizi wananiletea simu zilizotumbukia chooni. Lakini kazi ya kuhamisha kanda za zamani kwenye flashi bado naipata, na hizi nilizitambua kwa majalada tu. Zilikuwa albamu zote za Manju Masolwa, tangu ile ya kwanza. Manju kwetu ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma. Yeye anaimba, waitikiaji wanamjibu. Marehemu dada yangu Mektilda alikuwa mwitikiaji wake mkuu, na Raymundi ndiye aliyekuwa mume wake.

Alikuwa amevaa koti la harusini. Akaniambia mzee Masolwa ameshafika mjini kutoka Bukene, na jioni hiyohiyo atakwenda nyumbani kwa Raymundi, Isevya, kumwita Apolinaria, ambaye ameshampeleka huko. Hizo kanda ni za mtoto, ajifunze nazo.

Apolinaria ni binti wa Mektilda. Mama yake alimwacha bado ananyonya. Tumemlea mimi na mke wangu mpaka kamaliza kidato cha nne, wakati baba yake yuko Urambo kwenye tumbaku hata salamu hatumi. Mtoto alipoanza kusifiwa sauti kwenye kwaya ya Moravian, ndipo baba akakumbuka kwamba amezaa. Wanaume wengine bwana, Mungu aliwaumba siku amechoka.

Kuitwa ni jambo la heshima. Manju anakuja nyumbani kwenu, anaimba jina lako mbele ya ndugu zako, nawe ukiitikia umeshakuwa wake. Hakuna kuandikishana. Nilimwambia Raymundi mimi sitaki, mtoto ana mambo yake ya kusoma. Akacheka, akasema urithi wa mama haukataliwi, na tena mimi ni mjomba tu, baba ni yeye. Akapanda baiskeli yake akaenda.

Niliweka kanda ya kwanza kwa hasira.

Kisha Mektilda akaitikia, hasira ikaniishia. Miaka yote hiyo sikuwa na moyo wa kumsikiliza, na kwangu nyimbo zake hazikupigwa. Sauti yake ilikuwa nyororo, ina kicheko kidogo mwishoni, kama alivyokuwa akiongea nyumbani. Nililia, sioni haya kusema. Nikasikiliza kidogo kila kanda, nikawa naendelea mbele, mpaka chini ya mfuko nikakuta sidii, kwa sababu miaka ya karibuni mzee alikuwa ameacha kanda.

Nikaweka moja. Masolwa alikuwa anaimba habari za korona. Anawaonya watu wanawe mikono, wavae barakoa, wasibanane mnadani.

Mwitikiaji akajibu, "Barakoa, baba, tumevaa."

Ilikuwa sauti ya Mektilda.

Nilizima. Nikawasha tena.

Nilijiambia wameunganisha kwenye kompyuta. Lakini mimi ndiye fundi, nayajua hayo. Unaweza kukata sauti ya marehemu ukaibandika utakapo. Huwezi kumfanya aseme neno ambalo alikufa hajalisikia. Dada yangu tulimzika korona haijajulikana duniani.

Nikaweka nyingine, na nyingine. Alikuwemo kote. Na kila albamu iliyofuata, sauti ilikuwa imezidi kukwaruza. Kile kicheko kilikuwa kimekwisha. Nyuma yake nilitambua sauti za watu ambao nimeshika koleo kwenye makaburi yao. Nyimbo hizo redioni zinapigwa, harusini zinapigwa, watu wanarusha vumbi. Nani humsikiliza mwitikiaji?

Sidii ya mwisho, kati ya wimbo na wimbo, pana kimya. Nikaongeza sauti.

Mtu anakohoa.

Miguu mingi inaburuzwa chini...

Kisha mnong'ono, karibu kabisa na kipaza sauti. "Kaka Eliya. Nimechoka."

Kibanda kikanuka pumba. Pumba za mahindi zilizolowa. Nilikuwa nawacheka wanaosema msukule, mfu anayetumikishwa na mchawi, hulishwa pumba.

Hapo ndipo nilipokumbuka mazishi. Masolwa alisimama ukingoni mwa kaburi akaimba, "Mektilda, nikiimba nani ataitikia?" Na shangazi zetu, kwa adabu, wakamjibu kwa niaba ya marehemu, "Mimi, baba, nipo." Kwetu wimbo wa manju hauachwi ukaning'inia. Ni sawa na kusalimiwa ukanyamaza. Kila mtu pale alifuta machozi akaona amepewa heshima kubwa.

Bibi yetu pekee ndiye aliyekasirika. Alisema babu yake Masolwa alikuwa kirangozi, anaongoza wapagazi kutoka huku mpaka pwani. Kila alfajiri aliita majina. Aliyekufa njiani aliitwa pia, wenzake wakamwitikia, na mzigo wake ukaonekana unakwenda. Bibi akasema wale hawajatua mpaka leo. Tuliona ni uzee.

Nilidandia bajaji, nikamwambia dereva akanyage mafuta.

Nilikuta ua wa Raymundi umejaa watu na taa zimewashwa. Masolwa alikuwa kwenye kiti, kazee kadogo kamekunjamana, macho yamefanya ukungu. Apolinaria alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka mbele yake, amejifunga kitenge cha mama yake. Nikamwamkia mzee. Adabu ni adabu, hata kwa mchawi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, fundi." Akaninong'oneza, "Umemsikia?"

Naye akafungua kinywa akaimba. Mzee yule hana hata meno, lakini iliyotoka ni sauti ya kijana.

"Apolinaria wa Mektilda, nikiimba nani ataitikia?"

Niliruka mkekani nikamziba mtoto mdomo. Akafurukuta, akaning'ata vidole mpaka damu ikatoka. Sikumwachia. Watu wakaguna. Raymundi akanivuta shati likachanika, ananiambia kwa sauti ya chini nisimwaibishe mbele ya wageni. Manju akaita mara ya pili. Raymundi akaacha kunivuta. Ua wote ukatulia.

Akaita mara ya tatu.

Ile harufu ya pumba ikaja.

"Mwache mtoto, baba. Nipo mimi."

Sauti ya dada yangu haikutoka ndani ya nyumba, wala kwa mtu yeyote pale uani. Ilitoka kifuani mwa mzee, naye midomo ameifumba.

Masolwa hakukasirika. Aliomba fimbo yake, akasimama, akasema mama mtu amejibu, yanatosha. Wageni wakaondoka hawajagusa wali. Raymundi alirudi Urambo alfajiri, na hajathubutu kunipigia simu.

Nilijua nimemwokoa mtoto. Nilimrudisha kwangu, nikazichoma kanda na sidii zote. Mchungaji aliniombea. Mganga mmoja alitaka kuku mweusi, nikampa. Polisi walinisikiliza mpaka mwisho, wakaniambia kuimba si kosa. Kaburi la Mektilda nimekwenda kulitazama. Liko vilevile, saruji haina hata ufa.

Usiku uleule, tulipofika nyumbani, Apolinaria aliniuliza kama yule alikuwa mama yake. Nikamwambia ni mazingaombwe.

"Nimekua bila kuisikia sauti yake, mjomba," akasema. "Leo nimeisikia mara moja, na wewe ulikuwa umeniziba mdomo. Hata kumwitikia mama yangu sikuweza."

Ningemjibu nini? Kwamba mama yake yupo, anateswa, na mimi nimemwacha hukohuko? Tangu hapo ameacha kunisemesha zaidi ya shikamoo ya asubuhi. Ananichukia. Mke wangu anasema ni utoto, yatapita.

Masolwa hajatuma mtu tena. Watu wa Bukene wanasema yuko kitandani, hali chakula, lakini nyumba yake haikosi kuimba.

Jana jioni nilirudi kutoka kazini nikamkuta Apolinaria jikoni anaosha vyombo, anaimba taratibu. Anaimba mistari ya mwitikiaji peke yake. Anaimba mmoja, ananyamaza, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza, kisha anaimba unaofuata. Nilisimama mlangoni nikamwambia basi, inatosha, nyamaza.

Akainua kidole chenye povu la sabuni, hata hakunigeukia.

"Ngoja kwanza, mjomba. Mama hajamaliza."